Aliyempa Daksha Jina

Champa hakuwa mtu wa kuandikwa. Angekuwa hai leo akasikia kuna mtu amekaa kitako kumsimulia, angeuliza kama mtu huyo hana kazi, kisha angerudi kwenye cherehani yake. Alishona Tanga, akashona London, na huko katikati alizaa mtoto mmoja ambaye hakuruhusiwa kumwita mwanawe. Tuanzie Tanga, kwa kuwa ndiko kosa lilikotendeka, kama kosa ndilo jina lake.

Baba yao alikuwa Baniani, yaani Mhindu wa dini ya Kihindu, muuza vitambaa karibu na soko. Alikufa mapema, duka akamwachia mwanawe Kanti. Kanti alikuwa mtu wa sala, mpole kiasi cha wateja kumwonea. Mkewe Usha alikuwa na akili za watu wawili na ulimi wa watu watatu, ila hakujaliwa mtoto, na miaka ilikuwa inakwenda. Champa, dada mdogo wa Kanti, alikaa chumba cha nyuma ya duka akiwashonea kina mama blauzi za kuvalia sari, na kina mama hao ndio waliomzoesha sinema.

Siku hizo sinema ya mjini ilitenga alasiri ya Jumatano kwa wanawake watupu. Walikuja Wahindi wa kila dini, Waarabu, Waswahili na mabuibui yao, wamebeba watoto wachanga na vikapu vya bajia. Hata mkata tiketi alikuwa mwanamke. Wakilia walilia kwa sauti, wakifurahi walipiga viti. Mwanamume pekee katika jengo zima alikuwa kule juu, kwenye chumba cha mashine, na huyo hawakumhesabu kuwa mtu. Walimhesabu kuwa sehemu ya mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Mkanda ulikuwa na tabia ya kukatika pale pale mwimbaji anapofungua kinywa, na ukikatika ukumbi mzima ulimtukana yule bwana kwa kila lugha ya Tanga. Siku moja wakaona matusi hayamfikii, afadhali apelekewe mtu. Wakamchagua Champa, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mkali na hakuwa na mume wa kumwuliza alifuata nini huko juu. Champa akapanda ngazi, akamkaripia, akashuka. Bwana mwenyewe aliitwa Sadrudin. Wiki iliyofuata mkanda ukakatika tena, naye akapanda tena. Mara ya tatu mkanda haukuwa umekatika.

Sadrudin alikuwa Khoja, Mwislamu. Ambaye hakukulia pwani huenda akauliza tatizo liko wapi, si wote ni Wahindi? Naam, wote Wahindi, wote Wagujarati, nyumba zao zimeegemeana, wakiazimana sukari na kutembeleana wakati wa misiba. Lakini kuoana ilikuwa habari nyingine kabisa. Baniani aliyemwoza dada yake kwa Khoja angeuza vitambaa vyake kwa mizimu.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimba ndiyo kabisa. Kanti alipoambiwa hakumpiga dada yake wala hakumlaani. Alifunga duka mchana kweupe, watu wakadhani amefiwa. Aliyepata la kufanya ni Usha. Akawatangazia majirani kwamba Mungu amemwona, ana mimba, daktari amemtaka apumzike mbali na joto la Tanga, na kwa hiyo anakwenda Kisumu kwa nyanya yake, na wifi yake atafuatana naye. Wakaenda. Waliporudi, mtoto wa kike alikuwa mikononi mwa Usha, na mtaa mzima ukaja kumpongeza.

Sadrudin hakuambiwa kitu. Alipata kazi kwenye sinema moja huko Kongo, akaoa, akakaa, na tangu hapo hana nafasi katika habari hii.

Mambo mawili yalitokea Kisumu, na mawili hayo ndiyo yaliyomtengeneza Champa aliyebaki. La kwanza ni kiapo. Mtoto hajakauka vizuri, Usha aliuchukua mkono wa Champa akauweka juu ya kile kichwa kidogo. "Apa," alisema. "Apa kwa kichwa chake kwamba hatajua kutoka kinywani mwako." Champa akaapa. Kiapo cha aina hiyo si cha mchezo, maana ukikivunja anayedhurika si wewe, ni yule uliyeapa kwa kichwa chake.

La pili ni jina. Kwa Wagujarati mtoto hapewi jina na mama wala baba. Siku ya sita ni zamu ya dada wa baba: mtoto hulazwa kwenye kitambaa kilichoshikwa pembe nne, hubembezwa, na shangazi humnong'oneza jina sikioni. Usha, pamoja na akili zake zote, jambo hilo lilikuwa limempitia. Mtoto ni wa Kanti, shangazi ni Champa, basi nani mwingine? Nyanya wa Kisumu alikuwa mtu wa mila na hakutaka kusikia la kungoja. Champa akainama juu ya kile kitambaa akamwita mwanawe Daksha. Alikuwa na furaha siku ile, furaha ya wizi, na hakuona haya.

Alimnyonyesha mpaka siku ya safari. Walipofika Tanga maziwa yakakauka yenyewe, kwa maumivu ambayo hakuna aliyemwulizia.

Toka hapo akawa Foi. Ndivyo Wagujarati wanavyomwita shangazi, na Champa aliifanya kazi ya ushangazi kwa bidii ambayo mashangazi wengine waliiona ni ya kujipendekeza. Kila gauni alilovaa Daksha lilitoka kwenye cherehani yake. Wachumba walikuja wawili watatu, akawakataa, watu wakasema ana maringo. Usha naye tusimfanye mchawi. Ni yeye aliyekesha Daksha alipougua surua, yeye aliyemfundisha kuoga, kusali na kujibu wakubwa. Mtoto alimwita mama, na mama alikuwa. Tatizo ni kwamba walikuwa wawili, na mmoja tu ndiye aliyejulikana.

Serikali ilipotaifisha majumba, jengo la Kanti likaenda na mengine. Kanti hakulalamika. Akauza vitambaa vilivyobaki, akafunga mizigo, na mwaka ule ule, sabini na moja, wote wanne wakawa Neasden, kaskazini mwa London, katika nyumba nyembamba yenye baridi hata jikoni. Kanti akapata ukarani katika ghala moja la matairi. Usha alijifunza kununua mchele kwa kunyooshea kidole. Champa akapata kazi ya kushona nyumbani: kila Jumatatu mtu mmoja alileta furushi la sketi zilizokatwa tayari, Ijumaa akazichukua zimeshonwa. Daksha, msichana wa miaka kumi na sita, akapelekwa shule na koti la shangazi yake mabegani.

Pasipoti ya Champa haikuwa kama zao, hivyo waliitwa Croydon, kwenye lile jengo refu la wahamiaji, wakakaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi. Ofisa alitaka kujua yule mwanamke mwenye sari ya buluu ni nani wao. Kanti akapekua karatasi. Ni Daksha aliyejibu, kwa Kiingereza cha shule, bila kufikiri: "She's my auntie." Neno hilo Champa alilielewa bila kutafsiriwa. Ofisa akalipokea. Mpaka huku nako akawa shangazi.

Wakiwa nje ya nyumba Champa na Daksha walizungumza Kiswahili. Sababu ni ya aibu kidogo: London ilianza kujaa watu wanaosikia Kigujarati, na wawili hao walipenda kusengenya abiria kwenye basi. "Mtazame yule," Daksha angesema, "kavaa kofia au kavalishwa?" Champa angemkanya kisha aongeze lake. Basi zima lisijue wanachekea nini.

Daksha alipoingia chuo alichagua Kifaransa. Mwalimu wao akawataka waende kutazama filamu moja ya zamani ya Kifaransa iliyokuwa ikionyeshwa kwenye sinema ndogo jirani na chuo. Usha akasema binti hawezi kwenda sinema peke yake, hata kama ni kwa masomo. Aende na Foi wake awe mlinzi. Ndiyo, Champa wa Jumatano za Tanga ndiye aliyepewa kulinda heshima ya msichana kwenye sinema. Kanti alitazama sahani yake akawa mwekundu masikioni.

Filamu haikuwa na rangi. Watu wake walinong'ona sana na kufunga milango taratibu. Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya picha upesi mno kwa Champa, kwa hiyo Daksha alimtafsiria sikioni kwa Kiswahili.

"Yule mwembamba ni nani?" Champa aliuliza.

"Shangazi yake yule msichana. Anapiga pasi nguo za watu."

"Mbona haolewi?"

"Foi! Ndiyo kwanza inaanza."

Champa akauliza kila kitu. Yule mzee mwenye ndevu ni nani, kwa nini yule mama anaficha picha, hao wanakula nini. Mtu wa kiti cha mbele aligeuka, akageuka tena. Kisha ikaja sehemu ambayo mwanamke mwembamba alikuwa amesimama peke yake katika chumba cha yule msichana, ameshika nguo yake, anainusa. Daksha akashika mkono wa Champa gizani.

"Eh! Foi, you won't believe this. Kumbe si shangazi. Ndiye mama yake! Mama mzazi! Wamemficha mtoto miaka yote hiyo."

"Ehe," Champa akasema, kama mtu aliyeambiwa basi litachelewa.

Tangu hapo hakuuliza tena kitu. Daksha aliendelea kumtafsiria, na Champa akawa anatazama mbele. Mwanawe mwenyewe alikuwa amemwegemea begani akimsimulia maisha yake, kwa sauti ya chini, na kwa huruma. Alitamani filamu isiishe, na alitamani atoke mbio. Mwishoni yule shangazi mwembamba alipanda treni. Msichana akampungia mkono kwenye jukwaa la stesheni akidhani ni safari ya likizo. Taa zikawaka.

Kwenye kituo cha basi Daksha alikuwa na hasira. "Kwa nini hakumwambia? Alikuwa na nafasi. Treni ilikuwa bado imesimama pale pale!"

"Labda aliapa."

"Kiapo gani, Foi? It's so unfair. Ningekuwa mimi ningetaka kujua."

"Ukishajua utafanya nini?"

Daksha alifikiri. "Sijui. Lakini nisijue mimi peke yangu, ilhali wote wanajua? Wananitazama tu nikila?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Nisingewasamehe."

Champa akamfunga kifungo cha juu cha koti, kilichokuwa kimeshafungwa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejiambia kwamba kunyamaza kwake kunamlinda mtoto. Jioni ile kwenye baridi ya kituo cha basi ndipo alipojua kwamba mtoto, akiulizwa, asingelitaka hilo. Na bado asingeweza kusema. Mkono wake ulikuwa ungali juu ya kile kichwa.

Nyumbani Daksha aliisimulia filamu yote mezani. Usha alikuwa anachoma chapati. Moja ikaungua, ya pili ikaungua, na Usha hakuwa mtu wa kuunguza chapati. Baadaye alimbana wifi yake penye sinki.

"Umemwambia nini?"

"Bhabhi, wifi yangu, ni mwalimu wao aliyewapeleka. Mimi hata kusoma nilishindwa."

"Champa, mimi nimebaki na huyu tu. Sina mwingine."

"Na mimi je?" Champa alitaka kuuliza, akaosha sufuria.

Daksha aliolewa akiwa na miaka ishirini na moja. Mume alikuwa mfamasia, mtoto wa watu wa Nakuru, kijana mtulivu mwenye miwani, na safari hii hapakuwa na mtu wa upande wowote aliyepata la kulalamikia. Walikodi ukumbi wa shule moja Wembley. Padri wa Kihindu alikuwa mtu wa Nairobi aliyehamia London. Siku za wiki alipanga barua posta.

Sasa, katika harusi ya Kigujarati kila ndugu ana kazi yake na hanyang'anywi. Baba na mama hukaa barazani, chini ya lile paa la maua, wakimpokea bwana harusi. Bibi harusi hubaki chumba cha pembeni. Wakati ukifika padri huita, na anayemleta ni mjomba, kaka wa mama yake, wala si mtu mwingine. Kaka wa Usha alikuwapo: Bhanu, dereva wa mabasi ya Leicester, mtu mnene mwenye furaha, aliyefika na kilemba chekundu kipya na zawadi za mjomba zimefungwa kwa utepe.

Mwenye wasiwasi alikuwa Kanti. Uongo wa mitaani angeweza kuubeba; aliubeba miaka ishirini. Lakini hapa angeapa mbele ya moto mtakatifu kwamba yeye ni baba. Asubuhi ya harusi alimkuta Champa jikoni akipiga pasi.

"Champa, nitakaa pale kama nani?"

"Kama baba, kaka. Umemlea."

"Mimi ni mjomba wake. Mungu anajua mimi ni mjomba wake. Usiku kucha neno hilo linanizunguka kichwani, mjomba, mjomba, mpaka asubuhi."

"Basi lisahau. Leo tu."

Angalau alijaribu. Alikaa barazani karibu na Usha, akamwosha bwana harusi miguu, akasoma alichoambiwa asome. Kisha padri akainua sauti: mjomba wa bibi harusi na amlete bibi harusi.

Kanti akasimama.

Usha alimshika nguo, ikamponyoka. Kanti alishuka barazani akaupita umati, mnyoofu, kama mtu aliyeitwa jina lake mahakamani. Katika chumba cha pembeni Champa alikuwa amepiga magoti akinyoosha mikunjo ya sari ya Daksha. Mlango ukafunguka, na badala ya kilemba chekundu cha Bhanu alikuwa ni Kanti, mkono ameutoa.

"Twende, mama," akamwambia Daksha. "Wameniita."

Nyuma yake akaja Bhanu anahema. "Kantibhai! Wewe ni baba, bwana! Rudi ukakae, utaninyima kazi yangu!" Waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko, wakapeana habari, ukumbi mzima ukacheka. Baba wa bibi harusi kachanganyikiwa, maskini, uchungu wa kumtoa binti. Kila harusi ina kioja chake.

Kanti ndipo akazinduka. Na katika aibu ile hakumtazama Bhanu wala hakumtazama mkewe kule barazani. Alimtazama Champa, kwa macho ya mtu anayeomba radhi. Champa, akiwa bado amepiga magoti, aliinamisha kichwa.

Daksha alikuwa amesimama kati yao. Alimtazama baba yake aliyesimama alipoitwa mjomba. Alitazama utosi wa shangazi yake. Mkono wake ukashuka ukagusa bega la Champa, ukakaa pale. Champa akajua kwamba mtoto amejua. Na neno hilo halikutoka kinywani mwake.

"Nitakwenda na wote wawili," Daksha akasema. Akamshika Bhanu mkono wa kushoto na Kanti mkono wa kulia, wakatoka. Watu wakapiga makofi. Waliona ni mtindo mpya wa Uingereza, na katika harusi mbili tatu zilizofuata pale Wembley waliuiga.

Baada ya harusi Usha hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba nyumba imekuwa ndogo. Kwamba nyumba haiwezi kuwa ndogo baada ya mtu kuondoka ni jambo ambalo Kanti alilijua, lakini alikuwa keshatumia ushujaa wake wote siku ile, tena kwa bahati mbaya. Champa akafunga cherehani yake kwa blanketi akahamia Peckham, ng'ambo ya mto, ambako mtu aliyemletea sketi alimtafutia chumba. Kwa watu wa Neasden, Peckham ilikuwa mbali kama Tanga na Bukoba.

Chumba cha chini alikaa Mwatima, Mpemba, mtu mzima mwenye kazi ya kuwaogesha wazee wa Kizungu majumbani mwao. Siku ya kwanza alimsikia Champa akilitukana bomba kwa Kiswahili, akapanda ngazi mbio.

"Hee! Muhindi wa wapi wewe?"

"Wa Tanga."

"Tanga! Basi shuka ule. Hakuna nyama, najua, nakujueni."

Wakawa marafiki kwa namna ya watu wazima, bila kuulizana mengi. Mwatima alikuwa ameacha nyumba Wete na asingependa kuulizwa. Champa alikuwa na la kwake. Ila Mwatima hakuwa kipofu. Aliona jinsi Champa alivyokimbilia dirishani kila lango la nje lilipolia.

"Nani umngojae wewe kila siku?"

"Mtoto wa kaka yangu. Kaolewa Croydon."

"Mtoto wa kaka," Mwatima akarudia, akitia chumvi kwenye mchuzi. "Haya."

Daksha hakuja. Kadi ilikuja wakati wa sikukuu ya Diwali, imetiwa saini na mume. Majira ya baridi yakapita. Champa alikuwa akisikia sauti ile ya kituo cha basi: nisingewasamehe. Alisema "wote", na katika wote hao Champa alikuwamo. Kwa haki ndiye alikuwa wa kwanza. Zamani angalau alikuwa shangazi. Sasa aliona amepoteza na ushangazi pia, na alilia wazi wazi juu ya sketi za watu, akalazimika kuzipiga pasi upya.

Kanti alipiga simu siku moja kwenye duka la pembeni, wakamwita Champa aje asikilize. Daksha alikuwa mjamzito, mwezi wa saba. Usha alikuwa ameshapaka rangi chumba cha juu. Mila ndivyo inavyotaka: uzazi wa kwanza binti hajifungulii kwa mume, hurudi kwa mama yake, akatunzwa huko mpaka mtoto apate nguvu. Usha alikuwa amenunua samli na sukari guru, anahesabu siku.

"Nilitaka ujue," Kanti akasema.

"Nashukuru, kaka."

Akarudi chumbani, akashona. Hakumwonea Usha wivu siku ile. Alikuwa amechoka hata kwa wivu.

Jumapili iliyofuata lango la nje likalia. Champa alijikataza kwenda dirishani, na safari hii aliweza. Akasikia mtu anapanda ngazi polepole, anapumzika, anapanda tena. Alipofungua mlango, Daksha alikuwa amesimama pale na tumbo lake, sanduku mkono mmoja na kopo la samli mkono wa pili, jasho limemtoka.

"Mabasi mawili," alisema. "Na wote wamekaa, hakuna aliyeniachia kiti. Nimekosa wa kuwasengenya naye."

Champa akashindwa hata kumkaribisha. "Mbona hapa? Si unatakiwa Neasden, kwa mama yako? Chumba kimeshapakwa rangi."

"Nimetoka huko. Nimemwambia uzazi wa kwanza nakwenda kwa mama. Akalia, nami nikalia. Tukalia sana, Foi. Nimemwambia yeye ni mama yangu na hilo halibadiliki, na uzazi wa pili ni kwake." Akaliweka sanduku chini. "Kisha akanifungia samli. Kasema wewe hujui kuchagua samli nzuri."

"Sikukwambia neno, Daksha. Sijawahi kusema neno."

"Najua. Nilikasirika sana na nyote. Sijamaliza kukasirika. Lakini mtoto hatangoja nimalize." Akatazama kitanda kilichojaa sketi. "Nikae wapi?"

Champa akaondoa sketi kitandani kwa mikono miwili, zikaanguka sakafuni zote. Chini Mwatima alikuwa ametoka na mwiko wake mkononi, anatazama juu kwenye ngazi.

"Nani huyo, Champa? Mgeni?"

Champa akatoka mlangoni akashika ukingo wa ngazi. Maneno yenyewe alikuwa hajawahi kuyatamka, hata peke yake, na yalimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Si mgeni. Ni mwanangu. Nimemzaa mwenyewe, Kisumu."